Sheria ya jinai ya Kanada: namna ya kusoma herufi na tarakimu zake

Mtu anayekamatwa na polisi mjini Toronto kwa kosa la jinai haondoki kituoni na maelezo marefu ya tuhuma zinazomkabili. Huondoka na karatasi yenye tarehe ya kufika mahakamani, anwani ya mahakama, ambayo tangu mwaka 2023 mara nyingi huwa Nambari 10 Mtaa wa Armoury, na mstari mfupi wa herufi na tarakimu, kwa mfano CC 320.13. Dereva mwingine aliyesimamishwa barabara hiyo hiyo, usiku huo huo, huenda akaandikiwa HTA 130.

Ukiitafsiri mistari hiyo miwili kwa lugha ya mtaani, yote inazungumzia kuendesha gari vibaya. Kwa raia wa Kanada tofauti iliyopo ni ya ukubwa wa adhabu. Kwa mhamiaji kutoka Kigoma, Kisumu, Bukavu au Bujumbura ambaye bado hajapata uraia, inaweza kuwa tofauti kati ya kubaki nchini na kuondolewa.

CC ni kifupisho cha Kanuni ya Jinai ya Kanada, na kifungu chake cha 320.13 kinahusu uendeshaji wa hatari. HTA ni Sheria ya Barabara ya jimbo la Ontario, na kifungu chake cha 130 kinahusu uendeshaji wa uzembe. Katiba ya mwaka 1867, katika kifungu cha 91(27), ililikabidhi Bunge la Ottawa peke yake mamlaka ya kutunga sheria ya jinai. Majimbo yanaweza kutoza faini, na hata kumfunga mtu aliyevunja sheria zao, lakini kosa la jimbo halihesabiwi kuwa jinai. Hivyo basi swali la kwanza la msomaji wa karatasi hiyo liwe: sheria hii ni ya nani, Ottawa au Ontario?

Jibu limo katika kifupisho. Kanuni ya Jinai hunukuliwa kwa ukamilifu hivi: R.S.C. 1985, c. C-46. Sheria ya Barabara ni R.S.O. 1990, c. H.8. Herufi R.S. zinaonyesha kuwa sheria imo katika mkusanyiko uliofanyiwa marejeo. Herufi ya tatu ndiyo yenye uzito: C kwa Kanada, O kwa Ontario. Mwaka unaofuata ni wa marejeo hayo, si mwaka ambao sheria ilitungwa. Kanuni ya Jinai ya Kanada ilitungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1892. Tangu mwaka 2010 mwongozo wa unukuzi unaotolewa na Chuo Kikuu cha McGill, ambao wanasheria wengi wa Kanada huufuata, umeziondoa nukta zote, kwa hiyo anayekutana na RSC 1985, c C-46 asidhani ameona sheria nyingine. Wala anayesoma Kifaransa asishangae kukuta L.R.C. Ni sheria ile ile.

Sura ni ile ile ya nyumbani

Herufi ndogo c. humaanisha sura, na hapa Mwafrika Mashariki yuko nyumbani. Mkenya hajui Kanuni ya Adhabu kwa mwaka wake bali kwa Sura ya 63. Mtanzania anaijua kwa Sura ya 16, akiongeza mwaka wa marejeo, kama vile Marejeo ya 2002 au ya 2019. Mganda aliizoea Sura ya 120 mpaka marejeo mapya ya sheria za nchi hiyo, yaliyoanza kutumika mwaka 2024, yalipoihamishia Sura ya 128. Zanzibar imekwenda njia yake: huko sheria hutajwa kwa nambari na mwaka, nayo ya adhabu ni Sheria Nambari 6 ya 2018, iliyochukua nafasi ya Sheria Nambari 6 ya 2004. Sadfa ya nambari hiyo imewahi kuwatatiza zaidi ya wanafunzi wa sheria.

Neno sura lenyewe lina asili ya ajabu kidogo. Katika Uingereza ya kale, yote yaliyopitishwa na Bunge katika kikao kimoja yalihesabiwa kuwa sheria moja ndefu, na kila jambo ndani yake likawa sura. Desturi ilikufa, jina likasalia, likasafiri na dola hadi Ottawa, Nairobi na Dar es Salaam.

Si jina tu lililosafiri. Rasimu ya kanuni ya jinai iliyoandikwa na Mwingereza James Fitzjames Stephen miaka ya 1870 haikupitishwa kwao Uingereza, lakini Kanada iliitumia kuandika Kanuni yake ya 1892. Samuel Griffith naye aliichota alipoandika kanuni ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Ile ya Queensland ilipita Nigeria na Cyprus kabla ya kutia nanga Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1930, ikiiondoa Kanuni ya Adhabu ya India iliyokuwa ikitumika. Kwa hiyo Sura ya 63 na sura C-46 ni binamu. (Kanuni ya India nayo iliacha alama yake: Wahindi wengi bado humwita laghai "mia nne na ishirini", kwa nambari ya kifungu cha udanganyifu, ingawa India yenyewe iliifuta kanuni hiyo na kuanza kutumia nyingine Julai 1, 2024.)

Sheria ambazo hazikuwamo katika marejeo ya mwaka 1985, au zilizotungwa baadaye, huandikwa S.C., yaani sheria za Kanada za mwaka fulani. Mbili zinafaa kukumbukwa na kila mhamiaji. Ya kwanza ni S.C. 2000, c. 24, inayohusu uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita. Ya pili, S.C. 2001, c. 27, ni Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi.

Nukta ambayo si pambo

Kanuni ya Jinai ina vifungu 849 kwa hesabu ya mwisho wake, lakini idadi halisi ni kubwa zaidi, kwa kuwa Bunge linapotaka kupenyeza kifungu kipya katikati halibadilishi nambari za vingine. Tanzania katika hali hiyo huongeza herufi. Ndivyo kilivyozaliwa kifungu cha 169A kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ukiwamo ukeketaji. Kanada huongeza desimali, na desimali hizo zifuatwe kama za hesabu shuleni. Kifungu cha 320.2 huja baada ya 320.19, wala si kabla ya 320.11. Anayekitafuta kifungu cha 320.4 karibu na mwanzo wa sehemu hiyo atapoteza muda wake: ndicho cha mwisho.

Mabano nayo yana daraja. Katika 320.14(1)(a), tarakimu ya kwanza ndani ya mabano ni kifungu kidogo na herufi ni aya. Aya ya (a) inahusu kuendesha chombo huku uwezo wa dereva umedhoofishwa na ulevi au dawa za kulevya. Aya ya (b) inahusu kiwango cha pombe katika damu, miligramu 80 au zaidi kwa mililita 100, ndani ya saa mbili baada ya kuacha kuendesha. Utetezi wa moja si utetezi wa nyingine, na watu wengi hushtakiwa kwa zote mbili.

Hapa pana mtego mwingine. Marekebisho yaliyoleta vifungu hivyo yalifikishwa bungeni kama muswada C-46. Katika muswada herufi C huonyesha kuwa ulianzia Baraza la Wawakilishi, kama S inavyoonyesha Seneti; katika sura, C imetokana na mpangilio wa kialfabeti wa majina ya sheria. Muswada C-46 ukageuka sheria S.C. 2018, c. 21, iliyorekebisha sura C-46. Hakuna uhusiano kati ya C-46 hizo mbili isipokuwa bahati.

Matokeo ya muswada huo yameingia katika nyumba za wahamiaji wengi. Tangu Desemba 18, 2018, adhabu ya juu kabisa ya kuendesha gari kwa ulevi imepanda kutoka kifungo cha miaka mitano hadi kumi. Sheria ya Uhamiaji, katika kifungu cha 36(1)(a), inamtaja mkazi wa kudumu kuwa mhalifu mkubwa asiyestahili kubaki nchini iwapo amepatikana na hatia ya kosa, chini ya sheria ya Bunge la Kanada, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo kisichopungua miaka 10, au iwapo kwa kosa la namna hiyo alihukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita. Kinachopimwa katika sehemu ya kwanza ni adhabu ambayo ingeweza kutolewa. Mtu aliyetozwa faini na kwenda zake anaweza kuangukia humo. Na kifungu cha 36(3)(a) kinaziba mlango wa nyuma: kosa ambalo mwendesha mashtaka ana hiari ya kulishtaki kwa njia nzito au kwa njia ya mkato huhesabiwa kuwa zito, hata kama alichagua njia ya mkato.

Ndiyo maana HTA 130 haimfikishi mtu huko. Si sheria ya Bunge la Kanada.

Mahakama Kuu kabisa ya Kanada iliwahi kuonyesha jinsi hesabu hizi zilivyo nyembamba. Katika R. v. Pham, 2013 SCC 15, mtu alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa makosa ya dawa za kulevya. Wakati huo, miaka miwili ndiyo iliyokuwa ikimnyima mkazi wa kudumu haki ya kukata rufaa dhidi ya amri ya kuondolewa nchini. Mahakama ilipunguza kifungo hicho kwa siku moja. Baadaye mwaka huo huo Bunge lilishusha kiwango hicho, na leo kifungu cha 64 kinamnyima rufaa hiyo aliyehukumiwa kifungo kisichopungua miezi sita.

Nani anashtaki?

Herufi R. katika jina la kesi ni Kilatini: Regina alipotawala malkia, Rex tangu alipofariki Elizabeth wa Pili, Septemba 8, 2022. Kifupisho kimebaki kile kile, na makarani hawakulazimika kubadili majalada. Kenya na Tanzania anayeshtaki ni Jamhuri. Uganda ni Uganda yenyewe. Popote panapoonekana R. mwanzoni, kesi ni ya mashtaka ya serikali. Isipokuwapo, huenda ni jambo jingine kabisa.

Kesi mbili za Wanyarwanda zinabainisha tofauti hiyo. Léon Mugesera, aliyetoa hotuba ya uchochezi huko Kabaya Novemba 1992, anaonekana katika vitabu kama Mugesera dhidi ya Kanada, 2005 SCC 40. Hakuna R., kwa sababu Kanada haikumshtaki kwa jinai. Ilitaka kumwondoa nchini, na mwaka 2012 ikamrejesha Rwanda, ambako mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha maisha. Désiré Munyaneza, aliyekamatwa Toronto Oktoba 2005, ni R. c. Munyaneza, 2009 QCCS 2201. Herufi c. hapo si sura. Ni "dhidi ya" kwa Kifaransa, kwani kesi ilisikilizwa Montreal. Alikuwa wa kwanza kutiwa hatiani chini ya S.C. 2000, c. 24, naye akahukumiwa kifungo cha maisha. Herufi SCC na QCCS hutaja mahakama, mwaka ni wa uamuzi, na nambari ya mwisho ni ya mfululizo wa maamuzi ya mwaka huo. ONCA ni Mahakama ya Rufaa ya Ontario, iliyoko Osgoode Hall, Toronto.

Wajerumani wamekwepa sehemu kubwa ya msitu huu. Hawana sura wala mwaka: kila sheria imepewa kifupisho chake, nacho hukaa mwisho. StGB ni kanuni ya jinai iliyotoka mwaka 1871. VStGB ni sheria ya mwaka 2002 ya uhalifu wa kimataifa. Mbele huwekwa alama ya §, nambari, na vijisehemu vyake, hata nambari ya sentensi ikibidi. Viongozi wawili wa waasi wa FDLR, Ignace Murwanashyaka na Straton Musoni, walihukumiwa mjini Stuttgart Septemba 28, 2015, kwa kuongoza kundi lililofanya mauaji mashariki mwa Kongo, na tuhuma zao zilitumia vifupisho vyote viwili: § 129a na § 129b StGB kwa kundi la kigaidi, VStGB kwa uhalifu wa kivita. Hukumu ya Murwanashyaka ilitenguliwa kwa sehemu mwaka 2018, akafariki Aprili 2019 kabla ya kusikilizwa upya.

Sheria zote za Kanada zilizotajwa hapa husomwa bure katika intaneti, kwenye tovuti ya Wizara ya Sheria na katika hazina ya CanLII, na mahakama ya Toronto ina mawakili wa zamu. Lakini anayekwenda huko na nukuu nusu anaweza kupewa kesi isiyo yake. Mfano mzuri ni jina la Tran. Tran dhidi ya Kanada, 2017 SCC 50, haina R. na ni ya uhamiaji: iliamua kwamba adhabu ya juu inayopimwa ni ile iliyokuwapo siku kosa lilipotendwa, jambo linalomnusuru aliyekamatwa kwa ulevi kabla ya Desemba 18, 2018. R. v. Tran, [1994] 2 S.C.R. 951, ni ya jinai, na inamhusu mtu mwingine kabisa. Hiyo ndiyo iliyoeleza haki ya mkalimani chini ya kifungu cha 14 cha Mkataba wa Haki: tafsiri iwe mfululizo, sahihi, isiyopendelea, ya mtu mwenye ujuzi, na itolewe papo hapo kesi inapoendelea. Mshtakiwa anayezungumza Kiswahili anaweza kuidai siku ya kwanza anapofikishwa mahakamani.