Parabole ya Butembo inatazama juu: mambo ya kujua mbele ya kununua ingine

Mtu ananunua parabole ya sentimita 60, anapanda nayo juu ya manjanja, anaizungusha mpaka jua linazama, chaneli za bure za Misri hazionekani. Kesho yake anaambiwa dekoda ni mbovu, anunue ingine. Mbele ya kutoa hiyo pesa, ni muzuri kuelewa mambo fulani.

Satelite za tele ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Zinazunguka pamoja na dunia, ndiyo maana zinakuwa kama zimesimama fasi moja. Na Butembo iko karibu kabisa na ikweta. Kwa hiyo kwetu zote ziko kwenye mstari mmoja unaopita juu ya kichwa, toka mashariki mpaka magharibi. Kitabu cha Ulaya kinasema tafuta kusini. Huku kusini hakuna kitu. Zile za Badr, kwenye digrii 26 mashariki, ziko karibu na utosi: parabole ya duara, yenye kichwa katikati, inalala kama sahani ya fufu na mvua inajaa ndani. Wajanja wanatoboa katundu kadogo chini.

Nilesat iko digrii 7 magharibi. Unageukia magharibi, unalenga kama nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Lakini angalia: parabole ndogo zenye kichwa chini zinalenga juu kuliko uso wake unavyoonyesha. Usiilaze sana.

Sasa, mawimbi mengi ya Nilesat yameelekezwa Afrika ya Kaskazini na nchi za Kiarabu. Sisi tunapata mabaki, na mabaki yanakusanywa na upana wa sahani. Ukitoka sentimita 60 kwenda 120 unapata mara nne, si mara mbili. Dekoda mpya haiongezi hata tone. Waya mrefu wenye viungo vingi, huo unapunguza.

Kwenye tele kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Watu wengi wanafurahia nguvu, kumbe inaweza kupanda hata kama kichwa kinapokea makelele matupu. Tazama ubora. Kiisha zungusha kichwa chenyewe polepole: hapa ikweta, mawimbi yanayoandikwa kuwa ya mlalo yanafika yakiwa wima, na kichwa kilichofungwa kama kwenye picha ya kitabu kinakosa chaneli.

Hata ukishapata, mvua itakunyang'anya. Picha ya sasa haififii kama zamani. Inakatika vipande vipande, kiisha kimya. Na siku chache kandokando ya tarehe 21 Machi na 22 Septemba, jua linapita nyuma ya satelite yenyewe. Kwa Nilesat, hapa kwetu ni karibu saa tisa ya mchana. Dakika chache tu, inarudi. Siku hiyo usimwite fundi.

Siku ingine ukimwita, mwambie aje na parabole yake kubwa, hata ya kuazima, aifunge na dekoda yako ileile. Ubora ukipanda, ni sahani unahitaji. Ukibaki sifuri, zungusheni kichwa na kubadili waya kwanza. Malipo yaje kiisha picha imesimama mbele ya macho yako.