Makaburi ya Tengeru: Mwongoza Wageni Kama Fanani

Tukitaja fasihi simulizi, wengi wetu tunamwona bibi kizee, moto na wajukuu. Mwongoza wageni hatumhesabu. Makala haya yanadai kwamba naye ni fanani, na matembezi yake yana fani na maudhui ya kuhakikiwa.

Mfano wangu ni makaburi ya Wapolandi huko Tengeru, chini ya Mlima Meru. Anayetafuta habari za Wayahudi wa zamani hapa Arusha haonyeshwi mtaa wao; anaonyeshwa makaburi.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Mwaka 1940 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu raia wengi wa mashariki ya Poland, Wakristo kwa Wayahudi, wakawapeleka Siberia na kwingineko. Baada ya kuachiwa mwaka 1941, wengine walipitia Uajemi, na kuanzia 1942 watu wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto, wakapewa hifadhi Tengeru.

Fanani wetu anaanzia mwisho, yaani makaburini, ndipo arudi nyuma hadi Poland. Hiyo ni mbinu rejeshi. Tunapita misalaba mingi, halafu nyota ya Daudi. "Na hawa walikuwa Wayahudi," anasema, kisha huyoo anaendelea. Sentensi moja tu, basi!

Kumbe kinaya cha kisa kizima kimelala hapo. Waliobaki nyumbani waliangukia mikononi mwa Wanazi, na Wayahudi wa Poland wapatao milioni 3 wakauawa, wengi bila hata kaburi. Uhamisho ule wa Siberia, ambao nao uliua wengi, ndio uliowaponya hawa. Nyota ile kwenye udongo wa Meru inasema: huyu aliponea, akazikwa kama mtu.

Kuna kimya kingine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, hata Kirilo Japhet akapeleka kilio chao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mlima uliowapokea waliofukuzwa kwao ukashuhudia wenyeji wake wakifukuzwa. Nilipomwuliza mwongozaji mbona hilo halisemi, alicheka: "Wageni hawaliulizi, mdogo wangu."

Jibu hilo linatufundisha kuliko nadharia nyingi. Fanani hukata hadithi kwa kipimo cha hadhira yake. Basi kimya kile si chake peke yake; ni chetu pia, sisi tulioenda, tukasikiliza, tukapiga picha, tukapanda gari.