Maji Ndani ya Mchanga
Neno bwawa humfanya msikilizaji afikirie maji yaliyotanda. Hata hivyo, katika mito ya msimu ya Ukambani kuna bwawa ambalo maji yake hayaonekani. Ukuta hujengwa juu ya mwamba, ukikingama mkondo. Mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji baina ya chembe zake, mbali na jua kali. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, kuanzia 2020 hadi 2022, umuhimu wa hifadhi ya aina hii ulidhihirika. Lakini mchanga huo huo hutamaniwa na wajenzi wa mijini. Ndiposa Kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka wa 2015: azoaye mchanga wa mto hukausha kisima cha jirani.