Mwana wa Goma Anayestahili Mti

Huko Iten, nchini Kenya, shule ya Mtakatifu Patrick imewapandia miti wanafunzi wake wa zamani waliopata kuwa mabingwa wa mbio; Peter Rono, mshindi wa Olimpiki ya 1988, alisoma pale. Desturi njema. Nasi wa Goma, juu ya mawe haya ya Nyiragongo, tumpandie nani?

Sisi twamtaja kwanza Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981 na kusomea sheria papa hapa mjini. Hakuleta kombe lolote. Pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio aliwafundisha maibobo, wale watoto wa njiani ambao wengi wetu huwafukuza. Kazi yake ya serikali ilikuwa kukagua bidhaa ziingiazo nchini. Alipopewa fedha apitishe chakula kilichooza, alikataa, maana kingeliwa na watu wasio na habari. Akauawa Julai 2007, umri wake miaka 26.

Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri. Huko Roma lakini, kwa kuwa mji wetu ulikuwa katika vita. Na wahitimu wetu wengi wataajiriwa katika ofisi zenye magunia na mihuri kama ile yake.