Mbwa Mchungaji Aliyeokolewa: Jinsi ya Kumpatia Makao ya Kudumu

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, anapotajwa mbwa wa wafugaji aghalabu sisi humfikiria mbwa mlinzi. Mbwa wa Wamasai, kwa mfano, hufuatana na mifugo malishoni, na kazi yake kubwa ni kubweka anapomhisi fisi, chui au mtu mgeni. Kuwaswaga ng'ombe na kuwaelekeza njia ni kazi ya mchungaji mwenyewe na fimbo yake.

Katika kisiwa cha Uingereza mambo ni tofauti. Huko, hasa kwenye vilima vya mpakani mwa Uskoti, kuna mbwa ambaye huchunga kondoo kwelikweli. Huwazunguka, huwakusanya na kuwaleta kwa bwana wake kwa kufuata mluzi tu. Jina lake ni Border Collie, nasi katika makala haya tutamwita koli. Ni mbwa mwenye akili nyingi na bidii kubwa. Hata hivyo, kila mwaka baadhi ya koli hutupwa na wenyewe, wakaokotwa na kupelekwa katika vituo vya kutunzia mbwa. Je, kwa nini mnyama hodari namna hii akose makao? Na akishaokolewa, atapataje makao yasiyovunjika tena?

Silika ya kuchunga imetoka wapi?

Mbwa ni wa ukoo wa mbwa mwitu, ambaye huishi kwa kuwinda. Mawindo hayo hufuata hatua maalumu: mnyama hutambua windo, hulikodolea macho, hunyatia, hufukuza, hukamata kwa meno, na mwishowe huua na kurarua. Wafugaji wa kondoo, kizazi baada ya kizazi, walichagua mbwa ambao hatua za mwanzo zilikuwa na nguvu na hatua za mwisho zilikuwa dhaifu. Hivyo koli hukodoa macho, hunyatia na hufukuza, lakini hapaswi kuua. Kwa maneno mengine, kuchunga ni kuwinda kulikokatizwa njiani.

Mwaka 1893, katika jimbo la Northumberland, mfugaji Adam Telfer alizalisha mbwa aliyekuja kujulikana kwa jina la Old Hemp. Mbwa huyo alifanya kazi kimya kimya, akiwaongoza kondoo kwa nguvu ya jicho lake, na koli wengi wa leo ni wa kizazi chake. Mwaka 1906 kikaundwa Chama cha Kimataifa cha Mbwa wa Kondoo, ambacho hutunza daftari la nasaba za mbwa hao.

Akili ya koli nayo imepimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walieleza habari za koli aitwaye Rico, aliyejua majina ya vitu zaidi ya 200. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani wakaeleza habari za Chaser, koli wa kike aliyefundishwa majina ya vitu 1,022. Ubongo wa namna hii hauwezi kukaa bure.

Chanzo cha kutupwa

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia moja ya mjini yanunua koli mdogo kwa sababu ya uzuri wake. Mchana kutwa watu wazima wako kazini, na mbwa amefungiwa ndani. Baada ya miezi michache anaanza kufukuza baiskeli, na watoto wakikimbia uani anawauma visigino. Familia yasema, "Mbwa huyu amekuwa mkali." Kwa hakika hajawa mkali. Ameona vitu vinavyokimbia, na silika aliyorithi imeamka. Kwa kuwa hakuna kondoo, watoto wamekuwa kondoo wake.

Basi mbwa anapelekwa kituoni. Vituo vya namna hii si vipya: kile mashuhuri cha Battersea, London, kilianzishwa na Bibi Mary Tealby mwaka 1860 katika mtaa wa Holloway, kikahamia Battersea mwaka 1871. Hapo ndipo hatari ya pili inapotokea, nayo ni huruma isiyo na maarifa. Mtu anaweza kusema, "Huyu ni mbwa wa kondoo; apelekwe kwa mwenye kondoo." Lakini mbwa ambaye hakufundishwa huweza kuwatimua kondoo hadi wakaumia au kufa. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1953 ilifanya jambo hilo kuwa kosa la mwenye mbwa, na sheria nyingine ya mwaka 1971 ikampa mwenye mifugo utetezi mahakamani endapo amemwua mbwa wa namna hiyo kwa kukosa njia nyingine ya kumzuia. Kosa la kuchagua makao, basi, laweza kugharimu uhai wa mbwa.

Kumpima mbwa mwenyewe

Hatua ya kwanza ni kusubiri. Mwaka 1997 watafiti wa Ohio, Marekani, walitangaza matokeo ya kupima kortisoli, yaani homoni inayoongezeka mwilini wakati wa dhiki, katika damu ya mbwa waliokuwa kituoni. Waliokuwa katika siku tatu za kwanza walikuwa na homoni hiyo nyingi kuliko wale waliokuwa wamekaa zaidi ya siku tisa. Kwa hiyo mbwa anayetetemeka au kunguruma siku ya kwanza hajaonyesha bado tabia yake ya kweli.

Hatua ya pili ni kupima tabia ya mbwa huyo mmoja, si ya aina yake tu. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walichunguza majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 pamoja na jeni za mbwa wapatao 2,000. Walikuta kwamba aina ya mbwa hueleza kiasi cha asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Msomaji asidhani kwamba jambo hili linakanusha urithi wa silika. Masika hutuambia kwamba mvua zitanyesha, lakini hayatuambii kama kesho kutwa itanyesha. Vivyo hivyo, neno "koli" hutuambia tutazamie nini, lakini mbwa mwenyewe ndiye wa kutuonyesha alicho nacho.

Hivyo mbwa hupelekwa karibu na kondoo akiwa amefungwa kamba ndefu, mbele ya mchungaji mzoefu. Hutazamwa pia baiskeli zinapopita, watoto wanapocheza kwa mbali, na anapoachwa peke yake kwa muda. Baada ya hapo njia ni tatu. Mwenye silika kali na usikivu hufaa shambani, chini ya mtu anayejua kumfundisha. Mwenye nguvu nyingi lakini asiyeweza kuaminiwa na kondoo hufaa kwa watu wenye nafasi ya kumpa kazi nyingine, kama kutafuta vitu kwa kunusa au kuruka vizuizi kwa amri. Mzee, au asiyevutwa na kondoo kabisa, hufaa nyumba tulivu. Ikumbukwe kwamba kumrushia mpira mfululizo si kumpa kazi. Huko huweza kuzidisha hamu ya kufukuza.

Daktari wa mifugo naye ana neno lake. Baadhi ya mbwa wa ukoo wa koli, hasa wale wa manyoya marefu, wana kasoro ya jeni iliyogunduliwa mwaka 2001. Jeni hiyo hutengeneza protini inayofanya kazi kama pampu ya kuzuia dawa fulani zisiingie ubongoni. Pampu ikikosekana, dawa ya ivermectin, ambayo hutumiwa kuua minyoo na kupe wa mifugo, huweza kumdhuru mbwa vibaya. Mwenyeji mpya wa shambani hana budi kujulishwa hayo.

Kukabidhi

Mwisho, nyumba hukaguliwa, na mbwa hukaa kwa mlezi wa muda au kwa mwenyeji mtarajiwa kwa majuma kadhaa kabla ya mkataba kutiwa saini. Sharti muhimu la mkataba ni kwamba mambo yakishindikana, mbwa arudishwe kituoni, asipewe mtu mwingine wala kuachwa njiani. Kurudishwa huko si aibu. Ni habari mpya itakayosaidia kuchagua vema zaidi mara ya pili.

Zoezi kwa wanafunzi: Watazame kwa mbali mbwa wa nyumbani kwenu wanapocheza, bila kuwachokoza wala kuwakaribia mbwa wasiojulikana. Andika ni hatua zipi za kuwinda unazoziona, na zipi hazionekani. Je, mbwa wawili wa mama mmoja huonyesha hatua zilezile? Jadilianeni darasani ni kazi gani ingemfaa kila mmoja wao.