Usimwage zege juu ya mbuga: yaliyomkuta mzee wangu Shinyanga

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee njia ya gari, ile inayotoka getini mpaka barazani. Najua wapo watakaosema huyu dogo kamaliza form four juzi tu, anatufundisha ujenzi? Mimi sio injinia. Ila nimeona kwa macho yangu kiinua mgongo cha mzee kikipasuka vipande vipande, ndio maana naandika.

Nyumbani ni Shinyanga, kwenye mbuga. Waliokulia kule wanaujua udongo ule mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa unaingiza mkono, masika unakuwa gundi, kandambili zinabaki nyuma wewe unaendelea na safari. Kwa mpunga na pamba ni udongo safi sana. Kwa kujenga ni balaa.

Mzee alipostaafu akaita fundi. Fundi akafyeka majani, akasawazisha, akamwaga zege moja kwa moja juu ya udongo, inchi tatu hivi, bila wavu wa chuma, bila viungio. Ilikuwa mwezi wa nane, jua kali, na jamani ilipendeza! Mvua zilipoanza Novemba, pembeni kukainuka, katikati kukabaki chini. Kufika Machi zege limekatika kama muhogo mkavu. Usiku mmoja mama akazidiwa, teksi ikaingia uani, ikanasa kati ya kipande kilichoinuka na matope. Tulimbeba mama kwenye kiti mpaka barabarani. Alipona, Mungu mkubwa, lakini mzee usiku ule hajausahau.

KWA NINI LILIPASUKA?

Udongo wa mbuga una chembe ndogo sana za mfinyanzi zinazonyonya maji na kuvimba, zikikauka zinasinyaa. Yaani ardhi inapanda na kushuka kila mwaka. Maji yanaanza kuingilia pembeni, kwa hiyo pembeni kunainuka kwanza. Zege halipindi, linakatika. Kumbe kosa halikuwa saruji, kosa lilikuwa chini yake.

JIPIME KWANZA

Chimba futi moja au mbili, chukua udongo, ulowanishe kidogo, uviringishe mkononi. Ukipata kamba nyembamba kama penseli, na ukaikunja pete bila kukatika, una mfinyanzi. Na kama kiangazi uwanja wako unafanya nyufa pana, basi ujue ndio ule unaovimba.

UWEKE NINI JUU?

Moramu au kokoto: ndiyo rahisi kuliko zote, na ardhi ikicheza nayo inacheza. Ila ukimwaga kokoto juu ya mfinyanzi mtupu, baada ya masika mawili zimemezwa. Tandika kwanza kile kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji na kuzuia udongo usipande.

Zege: linawezekana, lakini liwe inchi tano au sita, lina wavu wa chuma, lina viungio kila baada ya mita tatu hivi, na chini kumeandaliwa. Hapo gharama inapaa.

Lami: kwa njia fupi ya nyumbani kukodi mitambo tu ni hela ndefu, na ardhi ikisinyaa inapasuka kandokando.

Pevingi: hapa ndipo mimi nasimama. Kila tofali liko peke yake, ardhi ikicheza nayo yanafuata. Pakititia unang'oa, unasawazisha mchanga, unarudishia yale yale. Unene wa milimita 60 unatosha gari ndogo. Kama lori la mchanga litaingia, weka 80. Usisahau mawe ya ukingo pembeni, bila hayo matofali yanatawanyika.

PESA IENDE CHINI

Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka. Chimba angalau sentimita 30, ule udongo mweusi utoe kabisa. Jaza moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka nyunyizia maji kidogo na ushindilie kwa mashine. Usijaze shimo mchanga mtupu, litageuka beseni la maji. Juu ya moramu ndio unaweka mchanga wa kulalia pevingi, sentimita tatu mpaka tano.

Kila mita moja ishuke sentimita mbili, maji yaikimbie nyumba na kuingia mtaroni. Maji ya bati yasimwagike kwenye njia, yaende kwenye tenki. Na usisubiri kiangazi kikolee kama mzee. Fanya mvua zikiisha tu, udongo ungali na unyevu kidogo. Ule uliokauka kabisa ndio utakaovimba zaidi.

Hela ikiwa ndogo, jenga mistari miwili tu ya matairi, katikati acha nyasi. Ndivyo tulivyofanya sisi safari ya pili. Vipande vya zege la zamani tukaviponda, vikaenda chini kabisa, moramu juu yake. Imepita misimu miwili ya mvua. Kona moja ilititia, mimi na mzee tukaing'oa na kuirudisha mchana mmoja, fundi hatukumwita.

Kwa hiyo mdau, fundi akija kwako na swali la kwanza likawa unataka rangi gani, muulize na yeye atachimba kina gani. Akishangaa, mpe nauli arudi kwao.

Nawakilisha.