Glee: filamu ya korali ya shule imeingia nyumbani mwetu



Kwa wiki hizi watoto wetu wanaongea filamu moja tu, Glee. Wanaipitisha kwa fulashi nyumba hadi nyumba, na wasichana wanaimba nyimbo zake wakienda kuchota maji. Katika mkutano wetu mama kadhaa waliuliza: tuwaachie ao tuwakataze? Mmoja alikuwa amekwisha kumtoa binti yake katika korali, akisema ni mambo yale yale. Tulipatana tuiangalie kwanza sisi wenyewe, pamoja na mabinti. Tumeona sehemu 10 za mwanzo. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Ni filamu ya Marekani, ya mfululizo. Ilianza kuonyeshwa mwaka 2009 na ikaisha mwaka 2015. Maongezi tuliyasikia kwa Kifaransa, lakini nyimbo zimebaki kwa Kiingereza. Mwalimu mmoja wa lugha ya Kispanyola, Will Schuester, anafufua korali ya shule iliyokuwa karibu kufa. Wanaokuja ni wale wanaochekwa na wenzao: Artie anayetembea kwa kiti cha magurudumu, Kurt anayetupwa katika pipa la takataka, Rachel mwenye sauti nzuri lakini bila rafiki, Tina anayejifanya ana kigugumizi, na Mercedes, msichana mweusi mwenye sauti ya kujaza nyumba. Kuwa mwana-korali kule ni kumwagiwa kinywaji cha barafu usoni. Mabinti wetu walishangaa, maana hapa kwetu mwana-korali anaheshimiwa, na siku ya sikukuu kila mtu anatafuta nafasi ya kumwona.

Lililotupendeza kwanza ni sehemu ya 9. Shule haina pesa ya gari ambalo Artie anaweza kupanda na kiti chake, na wenzake wanapika keki na kuziuza ili kuitafuta. Mwalimu anawaamuru pia wakae katika viti vya magurudumu kila siku, wajue mwenzao anaishi namna gani. Sisi tunaojua kazi ya kuuza mandazi juu ya karo ya mtoto, tuliielewa sehemu hiyo bila mtu kutufasiria.

Lakini kuna mambo yaliyotuumiza. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mwalimu wa korali wa zamani anafukuzwa kwa sababu alisemwa kwamba amemgusa mwanafunzi vibaya, na filamu inapita hapo kama kwa mzaha. Hata yule mwalimu mpya, anayeonyeshwa kuwa mtu mwema, anatia bangi katika kabati ya kijana Finn, kisha anamtisha nayo ili aingie katika korali. Mabinti walicheka. Sisi hatukucheka. Tulisimamisha filamu tukawauliza: mtu mkubwa akikushika kwa siri ya namna hiyo, utaenda kumwambia nani? Kimya kilikuwa kirefu. Ndipo tukajua kwamba kuangalia pamoja kuna faida.

Sehemu ya 10 ndiyo iliyotupeleka mbali zaidi. Quinn, binti wa jamaa lenye heshima, na tena mkubwa wa kundi la vijana walioahidi kujitunza hadi ndoa, ana mimba. Baba yake anapojua anamfukuza nyumbani, na mama anakaa pale bila kumtetea. Anayempokea ni mama ya Finn, mjane. Hapo tuligawanyika. Mmoja wetu alisema filamu inafundisha wasichana kwamba mimba ni kitu kidogo. Mwingine alijibu kwamba haionyeshi kitu kidogo, inaonyesha binti analia mlangoni na mfuko wake mkononi. Mabinti wenyewe waliuliza swali moja tu: “Mama, wewe ungefanya nini?” Kila mama atajibu swali hilo nyumbani kwake, lakini afadhali alijibu kabla siku haijafika.

Tuwafahamishe watoto pia kwamba mambo mengi ni ya kutengenezwa. Nyimbo hurekodiwa mbele katika studio, kisha wachezaji hufuatisha kwa midomo. Aliyecheza kijana Finn alikuwa na miaka 27. Korali zetu hurudilia wimbo mmoja majuma mengi, na sauti inakuja pole pole.

Tena tusisahau kwamba Kongo ilikuwa na korali ya shule iliyojulikana duniani zamani. Mwaka 1954, kule Kamina, Padri Guido Haazen alianzisha kundi la vijana wa shule wapata 45 na waalimu wao. Mwaka 1958 waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na Missa Luba yao ikatiwa katika sahani za muziki. Wote walikuwa wavulana. Leo mabinti zetu wana nafasi ambayo dada za vijana wale hawakuipata. Kuwatoa katika korali kwa sababu ya filamu ni kuwanyang'anya nafasi hiyo.

Basi shauri letu ni hili. Glee si ya watoto wadogo. Wasichana na wavulana wakubwa waiangalie pamoja na mama, si peke yao usiku kwa simu. Tumwulize kiongozi wa korali saa ya kuanza na saa ya kumaliza mazoezi, na tudai kila mara awepo mama mmoja pale, kwa zamu. Wasichana wanaokaa mbali warudi pamoja kabla giza halijaingia. Na mtoto akikataa ghafula kwenda mazoezini, tusimpige, tumwulize sababu.

Yule mama aliyemtoa binti yake amekubali amrudishe, akiwa yeye wa kwanza kushika zamu. Siku ya posho ijayo tutaendelea na sehemu ya 11. Njooni na mabinti zenu, na kila mmoja alete kiti chake.